Kigae Cheupe na Damu ya Mkwe

Siku mliyoniaga kustaafu mlisema maneno matamu, mkakata keki, mkaimaliza wenyewe kabla sahani haijanifikia. Sina neno. Lakini katika hotuba zote zile hakuna aliyetaja kigae. Mlinisifu kwa "kujitolea", kana kwamba nilitumwa misheni. Mimi nilikuja maabara ya hospitali kuosha vyombo. Sasa nimekaa hapa kwangu Lurambi, kuku ndio wanaonisikiliza, na wao wakichoka wanaondoka bila adabu. Kwa hivyo naandika. Shule niliacha darasa la nne. Atakayeona kosa alirekebishe kimya kimya, asiniletee.

Nilianza kazi wakati wa miwa. Nyinyi mliikuta miwa imeshazeeka, hamjui ilivyokuwa ikiwa msichana. Mtu aling'oa ndizi, akang'oa mihogo, akapanda miwa mpaka mlangoni, halafu akitaka kwenda choo anapenya katikati kama panya. Huko Kabras ukipotea njia ulikuwa unasimama na kungoja trekta ipite, uifuate. Kila mtu mdomoni alikuwa na sukari tu. Aliyekuwa hana shamba alikuwa na panga la kukatia, na aliyekuwa hana panga alikuwa na meno.

Na hospitali nayo ilipata mavuno yake. Mguu uliokanyagwa na trela. Kidole kilichobaki shambani. Vijana waliopigana siku ya malipo, kisha wamelazwa vitanda jirani wakiombana msamaha. Hayo yote yalitaka damu. Ndipo ninyi mjue kwa nini mwanamke wa kuosha vyombo aliishia kujua habari za damu za watu kuliko mchungaji wao.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Bwana Rajabu, fundi mkuu wa maabara. Mtu wa Mumias, mwembamba, salamu zake ndefu kuliko maelezo yake ya kazi. Baada ya salamu alinipa kigae cheupe, kile kile chenye vishimo ambacho ninyi mnakiona kabatini mnadhani ni cha mapambo.

"Mama, unajua kuosha sahani?"

"Nina watoto sita."

"Basi hujui. Sahani ya nyumbani ikibaki na sabuni, mtoto anaharisha. Hiki kikibaki na sabuni, kinadanganya. Na kikidanganya, mtu anazikwa."

Nikaosha. Akakiinua kwenye dirisha, akakirudisha. Nikaosha tena. Akakirudisha. Mara ya tatu nilimwambia kwamba bwana yangu mwenyewe hajawahi kunirudishia sahani, na yeye ananunua chakula. Bwana Rajabu akasema, "Ndiyo maana sahani zake ni chafu." Hapo nikajua nitafanya kazi na huyu mtu.

Kazi yenyewe ya kupima kundi la damu, aliyonifundisha baadaye, ilikuwa hivi, kwa wale ambao mashine zinawafanyia kila kitu. Tone la damu unaliweka kwenye kishimo. Unaongeza tone la dawa ya bluu. Kishimo cha pili, damu tena, na tone la dawa ya manjano. Unakoroga kwa kijiti, unayumbisha kigae polepole kama mtu anayepepeta ulezi kidogo, unatazama. Damu inaweza kubaki laini, au ikashikana mabongebonge kama obusuma, ugali wetu, uliokorogwa na bibi arusi. Ikishikana kwa bluu ni kundi A. Kwa manjano ni B. Pande zote mbili ni AB. Isiposhikana popote ni O. Hakuna uchawi. Lakini mimi mara ya kwanza kuona damu ikijikusanya yenyewe mbele ya macho yangu nilisali.

Nikamuuliza Bwana Rajabu, kwani damu inashikwa na nini?

"Sukari," akasema.

Nikacheka. Nilidhani hata yeye ugonjwa wa mji umemwingia. "Sukari ya Kabras?"

Hakucheka. Alikuwa anapenda kufundisha, na mtu anayependa kufundisha hapendi kucheka katikati. Akasema kila chembe ya damu, tena kila chembe ya mwili mzima, imevaa koti la sukari. Si ile ya chai, hii ni nyingine, ndogo, imeungana kama shanga na imesimama juu ya chembe kama manyoya. Chembe hazina macho. Zinapapasana. Koti la sukari ndilo linaloambia chembe moja kwamba huyu ni wa kwetu, mkaribie, na huyu mgeni, mkamate. Wa kundi A shanga yake ya mwisho ni ya namna moja, wa B namna nyingine, wa AB anazo zote mbili kama mwanamke mwenye majivuno. Na wa O hana ile shanga ya mwisho. Kisha ndani ya maji ya damu kuna askari wanaokamata shanga wasizozijua, wanazifunga pamoja, ndilo lile bonge.

Nililipeleka jambo hili nyumbani na siku ya pili mtaa mzima unalo. Mkata miwa mmoja alikuja hapo dirishani akaniuliza kama akitafuna miwa ya Kabras mwaka mzima kundi litabadilika. Nikamwambia kitakachobadilika ni meno.

Sasa niwaambie kesi ya Mama Robai, kwa sababu ninyi mnaisikia nusu nusu na mnaiharibu.

Mama Robai alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani kwao upande wa Malava. Mtu mzito, kwa mwili na kwa heshima. Siku hiyo trekta ya miwa ilikuwa inapanda mlima polepole, na mnajua watoto wanavyovuta miwa kwenye trela. Basi haikuwa watoto. Ilikuwa Mama Robai, na jembe, ametoka mkutano wa maombi. Alinasa muwa mmoja kwa jembe hilo, ukaja na wenzake wote. Mzigo ukamwangukia, mguu ukavunjika, nyama ikapasuka. Aliletwa amefungwa kwa kitambaa chake cha kanisa, kimekuwa chekundu chote, na neno la kwanza alilosema mlangoni ni, "Nilikuwa naokota tu."

Daktari wa upasuaji akaangalia, akasema huyu amemwaga damu nyingi, simgusi kwa kisu bila chupa mkononi. Wakati huo damu ilikuwa kwenye chupa za kioo. Friji yetu ilikuwa na A peke yake. Mimi na kigae changu tukampima Mama Robai: bluu laini, manjano laini. O.

Mtu wa O anaweza kumpa karibu kila mtu, lakini yeye mwenyewe hapokei ila kwa O mwenzake. Bwana Rajabu alikuwa akisemanga wao ni kama wale wakarimu wa kijijini, wanalisha wote na siku yao ya shida hakuna wa kuwalisha. Wafanyakazi wetu wa O walikuwa wametoka kutoa, hawawezi kurudia. Ndugu zake Mama Robai wa tumbo moja walikuwa wameolewa na kuoa mbali. Wakabaki watoto wake.

Walikuja wanne, wakubwa, wenye nguvu, mbele yao Timothi, kifungua mimba. Timothi akakunja shati mpaka begani. "Chukueni yote! Huyu ni mama yangu!" Nikamchoma kidole. Bluu, mabonge. A. Wa pili, B. Wa tatu, B. Wa nne A. Timothi akataka kunipiga. Aliona ni kama nimesema mama si mama yake. Bwana Rajabu akamshika mkono, akamweleza: baba yao marehemu lazima alikuwa AB, na AB akioa O, kila mtoto anatoka na shanga moja ya baba, hakuna anayetoka bila. Mama ni wenu kabisa, ila koti mmevaa la baba.

"Kwa hivyo sisi wote hatufai?"

"Mnafaa kumzika," nikasema. Nilikuwa nimechoka. "Nani mwingine yuko?"

Wakatazamana. Kisha yule wa nne, kitinda mimba Jentrix, akasema kwa sauti ya chini, "Bwana yangu yuko. Alipimwa kwenye kambi ya wakata miwa. Yeye ni O." Na hapo hapo akajifunika uso kwa leso.

Mgeni wa huku hataelewa kwa nini alijifunika. Kwetu mkwe hamkaribii mama mkwe. Hampi mkono. Hakai kiti alichokalia, hali mbele yake. Wakikutana njiani, mmoja anaenda kichakani. Huyo bwana yake, Makokha, mkata miwa, mwanamume wa haja, alikuwa amekuja na baiskeli tangu mwanzo, lakini alijificha nyuma ya kamba za kuanikia shuka za wodi, ili mama mkwe akipitishwa kwa machela asimwone. Nilimfuata huko. Nilizungumza na viatu vyake, maana shuka lilikuwa katikati.

"Makokha, mama mkwe wako anahitaji damu na yako ndiyo inayofaa."

Viatu vikarudi nyuma. "Mayi, mama yangu, unasema nini? Damu yangu iingie kwa mama mkwe? Nitamwangaliaje baadaye?"

"Kwani sasa unamwangalianga?"

"Hapana."

"Basi hakuna kitakachoharibika."

Akafikiri. Viatu vikasogea mbele. "Yeye mwenyewe amekubali?"

Hilo ndilo lilikuwa tatizo. Mama Robai alikuwa na akili zake zote, na daktari hawezi kumtia mtu damu kwa nguvu. Tulipomwambia ya nani, alifumba macho. "Nirudisheni nyumbani nife na heshima yangu." Nilitaka kumwambia heshima imebaki kule chini ya miwa, lakini nikajizuia. Uso wake ulikuwa unageuka rangi ya majivu. Kucha zilikuwa nyeupe. Jentrix alikuwa amepiga magoti pale chini, hawezi kumwomba mama akubali na hawezi kumwacha mama afe. Chochote atakachosema ni kosa, basi akawa analia tu.

Bwana Rajabu akaja na maarifa yake. Akavuta kiti, akasalimia vizuri, akaanza: Mama, damu haina ukoo, chembe ni chembe tu, tofauti ni koti. A wamevaa hiki, B wamevaa kile. "Na damu ya O, kama ya huyu kijana, yenyewe haijavaa. Ni kama iko wazi. Ndiyo maana haina shida na mtu."

Mama Robai akafumbua jicho moja.

"Ati mkwe wangu aniingie uchi?"

Niliona Timothi akitoka nje. Muuguzi akageukia dirishani, mabega yanatikisika. Bwana Rajabu, mtu aliyekuwa amesoma mpaka Nairobi, akawa mwekundu chini ya weusi wake. Akajaribu kushona alichopasua: hapana mama, si uchi kabisa, chini kuna sukari nyingine ambayo sisi wote tunayo, A na B wanaongeza tu juu yake, kwa hivyo ni kama, ni kama amevaa kamisi.

"Kamisi!" akasema Mama Robai, na akageukia ukutani na mguu wake uliovunjika, kitu ambacho sikujua kinawezekana.

Bwana Rajabu akaniita pembeni. "Mama, nimeharibu."

"Umeharibu sana."

"Lakini damu ya kijana bado hatujaijaribu na yake. Tusipigane na mama bure, tuanze na hilo." Na ni kweli. Hata kama makundi ni sawa, lazima uchanganye chembe za mtoaji na maji ya damu ya mgonjwa uone. Akaniangalia. "Fanyia pale pale kitandani. Pengine akiona kazi inafanywa ataacha kunikasirikia."

Basi nikachukua kigae. Nilikiosha kwa mara nyingine mbele ya dirisha, bila kuambiwa. Nikaja nacho kitandani na vijiti na vichupa vyangu, nikaviweka kwenye kimeza. Mama Robai akasikia vyombo vikilia, akageuka. Hakuna mama wa kanisa anayeweza kusikia vyombo asitazame ni nini kinapikwa.

"Hiyo ni nini?"

"Haya ni maji ya damu yako, mama. Na hili tone ni la Timothi." Nikakoroga, nikayumbisha. Haikuchukua muda. Ikajikata, ikajikusanya, mabonge mekundu yakaelea. Nilikiinamisha aone.

"Inafanya nini?"

"Inakamatana. Maji yako yanaikamata. Ikiingia ndani mwako itafanya hivyo kwenye mishipa, na utakufa."

"Ya mtoto wangu mwenyewe?"

"Ya mtoto wako mwenyewe."

Kisha akaelekeza kishimo cha pili kwa kidevu, kwa sababu jina hakuweza kulitaja. "Na ya huyo?"

Nikachanganya. Nikayumbisha. Nikayumbisha tena, kwa sababu kama nayo ingeshikana tungekuwa hatuna pa kwenda. Ikabaki laini. Nikangoja vile nilivyofundishwa kungoja. Laini kama maziwa. Bwana Rajabu akaitazama kwa maikroskopu pia, akarudi akitikisa kichwa kwamba ni sawa.

Mama Robai alikuwa amenyanyua kichwa kutoka kwenye mto. "Mbona hii haishikani?"

"Zinapitana, mama."

"Hazigusani?"

"Kila moja inapita upande wake. Hii yako huku, na yake huku. Hakuna inayomkamata mwenzake."

Alitazama kigae muda mrefu, kishimo kwa kishimo, mtoto aliyemng'ang'ania na mkwe aliyempisha. Akalaza kichwa chake.

"Huyo kijana," akasema, "alilelewa vizuri."

Jentrix akanyanyua uso kwenye leso.

"Lakini asinipe mkononi," mama akasema. "Kuna njia ya kupokea kitu cha mkwe."

Njia hiyo tunaijua sote. Mkwe akileta kitu, hakupi wewe. Anakiweka, mtu wa katikati anakichukua, anakiweka mbele yako, nawe unakiokota kana kwamba ulikikuta. Basi mimi nikawa mtu wa katikati. Makokha alilala kwenye benchi letu, nyuma ya pazia, uso ameuelekeza ukutani ingawa mama alikuwa wodini, ng'ambo ya ua. Damu ikajaa chupa. Akaiweka mwenyewe juu ya meza, nilimlazimisha, kwa mikono yake iliyojaa makovu ya majani ya miwa. Nikaichukua. Nikatembea nayo katikati ya ua, wagonjwa wakinitazama, nikaiweka kwenye kimeza cha Mama Robai.

"Mama, kuna kitu kimewekwa hapa."

"Kimewekwa na nani?"

"Na mimi."

"Basi nimekiona." Akanyoosha mkono kwa muuguzi. Daktari alikuwa ananiuliza kwa macho tunafanya mchezo gani. Nikamwambia kwa macho ashike kisu chake.

Alipona. Mguu ulibaki mfupi kidogo na kidonda kilikuwa kikubwa, nilikuwa nakipitia kila nilipopeleka majibu wodini. Bwana Rajabu, ambaye aliadhibiwa na utani wa wauguzi mwaka mzima kwa neno kamisi, alinisimamisha pale siku moja akanionyesha ukingo wa ngozi ukisogea. Alisema ni mambo yale yale. Chembe zinatoka ukingoni zikitambaa, zinakua, zinazaana, zinapapasa mbele. Zikimfikia jirani kutoka upande wa pili, zinajuana kwa makoti, zinashikana, zinaacha kukua. Kushikana kule ni kuzuri, na bila kushikana tungemwagika chini kama uji. Ubaya ni kushikana na usiyepaswa. Na akaongeza kwamba kuna chembe nyingine koti lake linabadilika, linakuwa geni, haimsikii jirani, inaendelea kukua na kusogeza mpaka. Hiyo ndiyo saratani. Nikamwambia majirani wa namna hiyo ninao wawili, na wamepanda miwa kwenye shamba langu.

Miezi ikapita, mahindi yakapandwa na kuvunwa, na Mama Robai akaja kliniki na fimbo. Alipotoka kwa daktari alikuja dirishani kwangu na ingokho, yaani kuku, amemfunga miguu.

"Huyu ni wa mtu wa katikati," akasema. Kisha akasogea karibu, akaangalia huku na huku. "Mayi, nikuulize. Ile damu bado iko?"

Nikamweleza nilivyofundishwa. Chembe za damu hazidumu, zinazeeka zinakufa, mwili unatengeneza zake mpya. Kwa muda huu uliopita, zile zimekwisha zote.

"Yaani amekwisha kutoka?"

"Ametoka wote."

"Bila kuaga?"

"Bila kuaga."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyesikia mgeni amefika kwake salama. Akaenda zake kwa fimbo, akielekea lango. Na mimi dirishani nikaona baiskeli inaingia, Makokha juu yake, amembeba Jentrix na tumbo kubwa, wanakuja kliniki ya wajawazito. Makokha akamwona mama mkwe. Akaruka chini, akamwachia mke baiskeli, akaingia kwenye mtaro uliojaa maji mpaka magotini. Mama Robai naye akaegemea ua upande wa pili, akageuza uso, ingawa ua ule ulikuwa wa miiba. Mama akapita. Mkwe akapita.

Nilitazama mpaka wakaachana. Nikangoja kidogo zaidi, kwa mazoea. Hakuna bonge. Nikarudi ndani kuosha kigae.